Mlango Tuliokataza Hodi

Ipo siku moja ya masika ambayo naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa. Bibi yako akisikia nasema hivi atanuna, lakini yeye amezoea kununa na mimi nimezoea kununiwa, kwa hiyo tuendelee. Ni siku niliyoshuka kwenye pantoni nikitoka Malinyi, sanduku la zana begani, nguo zimelowa mpaka ndani, na hamu yangu yote ilikuwa kufika kwenye chumba changu pale Kibaoni.

Jana ulikuja kunionyesha picha ya chumba ulichopata huko nje unakokwenda kufanya kazi. Nimekiona. Kuta nyeupe, dirisha kubwa, mlango wenye kitasa cha chuma kinachojifunga chenyewe. Ukaniambia kwa furaha kwamba utakaa humo peke yako, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi wala umekula nini. Nikanyamaza, nawe ukadhani naumwa. Siumwi, mwanangu. Nilikuwa namkumbuka Lameki. Hujawahi kumsikia kwa sababu sipendi kumtaja mbele ya watu wanaokula, na katika nyumba hii kila saa kuna mtu anakula. Leo nitamtaja, na wewe utanisikiliza mpaka mwisho kabla hujafunga sanduku lako.

Mimi si mzaliwa wa bonde hili, ingawa sasa hata mbu wa hapa wananihesabu kuwa mwenyeji. Nilizaliwa Nyasa, kando ya ziwa, upande ambao siku hizi unaitwa Malawi. Miaka ile ya hamsini vijana wa kwetu walikuwa hawakai. Wengine walishuka kusini kwenye migodi, wengine walikuja huku Tanganyika. Lameki na mimi tulikuwa tumefundishwa useremala na fundi mmoja mkali, tukala kwa sufuria moja na kupigwa kwa fimbo moja. Tuliposikia kwamba Ifakara kuna mkandarasi anajenga maghala ya mpunga na anatafuta maseremala, tuliaga tukapanda malori. Tulipita Mbeya, tukapita Iringa, tukashuka hadi Kidatu, na tulipovuka Kiberege tulikuwa wekundu kwa vumbi kiasi kwamba Lameki alisema mama yake angetufukuza mlangoni.

Mama yake alikuwa na mtoto huyo mmoja. Liweke hilo moyoni.

Mwanzoni tulilala kwenye kambi ya kazi, watu wengi chini ya paa moja, mmoja anakoroma, mwingine anasali, mwingine anatafuta kiatu chake chini ya kichwa chako. Hiyo haikuwa ngeni kwetu. Nyumbani vijana wa kiume tulilala pamoja katika nyumba moja tangu tulipotoka kwa mama zetu mpaka siku ya kuoa. Maisha yangu yote hadi hapo sikuwahi kufunga mlango na kusema, humu ndani ni kwangu. Lameki ndiye aliyekuwa analiwaza jambo hilo mchana na usiku. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye mikono mizuri ya kazi kuliko yangu, ingawa sikumwambia. Alitaka chumba. Siyo nyumba, siyo mke, chumba tu, chenye mlango.

Tukakipata kwa Mama Kaspari. Alikuwa mjane mfupi wa Kipogoro, mguu wake mmoja mbovu, anatembea na fimbo. Marehemu mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki wa mtoni na alimwachia nyumba ya bati, kitu cha fahari wakati ule. Upande mmoja alikaa yeye, katikati alikaa mwanawe Kaspari na mkewe na watoto, na mwishoni kabisa kulikuwa na chumba chenye mlango wake wa nje, unaotazama migomba. Hukulazimika kupita uani kwa mtu yeyote. Lameki alipouona mlango ule hakutazama hata kama paa linavuja.

Sasa nikueleze kuhusu komeo, maana wewe umezoea vitasa. Mlango ule ulikuwa mchakavu, tukautengeneza upya, na kwa ndani nikatengeneza komeo la mninga, gogo la kupachika kwenye mikono miwili ya mti, mmoja kushoto mmoja kulia. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, mbao zimekauka. Nililipiga randa mpaka likaingia sawasawa bila kuacha hata nafasi ya unyasi. Kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha. Nilikuwa kijana, mwanangu, na kijana fundi ana majivuno ya ajabu. Fundi mtu mzima angeacha nafasi kwa ajili ya masika, maana mti unavimba ukinywa unyevu. Nilifundishwa hilo. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini komeo lililoacha nafasi linatikisika, na mimi sikutaka komeo langu litikisike.

Masika yalipoanza likavimba kweli. Kulitoa ikawa lazima uligonge kwa chini na nyundo ya mti, ko, ko, ndipo lichomoke. Tukawa tunacheka. Tuliiweka nyundo yangu pembeni ya mlango kwa kazi hiyo, na Lameki akasema hakuna mwizi atakayeingia humu, na sisi wenyewe kutoka ni kwa kibali. Ningeweza kulipunguza kwa randa kwa muda wa kunywa chai. Kila siku nilisema kesho.

Mama Kaspari alikuwa na desturi. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, alizunguka nyumba yake na ile fimbo. Aligonga kila mlango, akauliza, "Mmeamka?" Akasimama hapo mpaka apate jibu. Ukijibu, aliondoka bila neno lingine. Usipojibu, aligonga tena, na tena, hata kama ni Jumapili, hata kama ulirudi umechoka na umejifunika shuka kichwani.

Tulimwona mchokozi. Tulisema anatuchunguza kama tumeingiza wanawake. Tulisema wenye nyumba wote ndivyo walivyo, wanakupa chumba halafu wanakihesabu bado ni chao. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika zaidi, lakini sikuwa na ulimi wa kumwambia mzee. Lameki alikuwa nao. Asubuhi moja ya Jumapili alitoka, akamwamkia, akasema kwa adabu kabisa, mikono ameikutanisha mbele, "Mama, sisi si watoto. Tumetoka mbali, tumepanga chumba kwa heshima. Tunaomba mlango wetu usigongwe. Tukiwa na shida tutakuja wenyewe."

Mama Kaspari akamtazama. "Mlango wenu hautaki hodi?"

"Hautaki, mama."

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Hakukasirika, au hakuonyesha. Alfajiri iliyofuata tulisikia fimbo yake ikigonga kwa Kaspari, kisha tukasikia miguu yake, mmoja mzima na mmoja wa kukokota, ikirudi alikotoka. Hakupita tena upande wa migomba. Tulicheka tukiwa tumelala kwenye mikeka, Lameki na mimi, tukacheka mpaka tukakohoa. Tulijiona sasa tumekuwa watu wazima.

Bonde hili ulizaliwa humu, sina haja ya kukueleza masika yake. Mto ulijaa ukapanda kwenye tambarare. Kaspari akahamia shambani na familia yake, kama wafanyavyo watu wote, kwenda kuishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, na kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Kibaoni ikabaki na wazee, wagonjwa, wenye maduka, na wageni wenye kazi za kuajiriwa kama sisi. Nyumba ile ikawa ya watu watatu, Mama Kaspari kule na sisi huku, na mvua juu ya bati kati yetu. Mvua ya masika ikipiga bati, mtu anaweza kuimba karibu nawe usimsikie.

Ndipo msimamizi wetu akasema Lameki na mimi tuende Malinyi kuezeka ghala. Jioni tulimuaga Mama Kaspari. Alfajiri tukafunga mlango kwa kufuli ya nje, nikakusanya zana zangu zote sandukuni, na nyundo ile ya mti nikaitia humo, maana kazini ingehitajika. Njiani Lameki alisema kichwa kinamgonga. Tulipofika kivukoni alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Msimamizi akamshika shingo, akasema, "Huyu ana homa. Rudi ukalale. Ukipona utatufuata."

Nikampa ufunguo wa kufuli. Nilimwambia apitie dawa. Akasema sawa. Akaniambia nisimtungie uongo huko Malinyi kwamba ameogopa viboko mtoni, nami nikasema hiyo ndiyo habari ya kwanza nitakayoitoa. Akacheka, akageuka, akaondoka kwenye mvua ameshika shati lake shingoni. Pantoni ikavutwa. Sikumtazama mpaka mwisho kwa sababu sikuona sababu.

Kule Malinyi tulikaa kupita tulivyopangiwa. Mto ulizidi, pantoni ikasimama, na hakuna mtumbwi uliokubali kubeba mtu na mizigo katika maji yale. Nilijua Lameki yuko nyumbani na amepona. Nilimwonea wivu hata. Nilisema yeye amelala pakavu, mimi nalala juu ya magunia. Hata siku moja sikujiuliza kama kuna mtu anayejua kwamba amerudi. Hilo swali halikunijia kichwani, mwanangu, na nimekuwa nalo tangu wakati huo.

Basi turudi kwenye siku ile. Nimevuka, nimetembea kwenye matope, nimefika Kibaoni mchana mvua imepumzika kidogo. Nikamkuta Mama Kaspari uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia sanduku, akaniangalia miguu yenye tope.

"Kwani ndiyo unafika sasa?" akauliza. "Nilidhani mmerudi siku nyingi, mmejifungia kama kawaida yenu."

"Mimi ndiyo nafika, mama. Lameki ndiye aliyerudi. Hakwenda. Alikuwa na homa."

Ungo ukabaki mikononi mwake. "Basi ndiye niliyemsikia."

"Lini?"

Akautua ungo chini. "Kabla ya Jumapili," akasema. "Nilisikia kitu kinagonga. Nikaenda mpaka kule kwa migomba. Nikaona kufuli imetolewa, mlango umefungwa kwa ndani. Nikainua mkono, mwanangu. Mkono huu. Nikakumbuka mlivyoniambia. Nikaushusha nikarudi. Tangu hapo ni kimya."

Jumapili ilikuwa imeshapita na nyingine ilikuwa karibu kufika.

Nilikimbia na sanduku begani, sikujua hata kulitua. Nilibisha, niliita, nikaita kwa Kitonga, lugha ya mama zetu. Mama Kaspari alinifuata na mguu wake ule, akasimama nyuma yangu. Harufu ilitoka chini ya mlango na sote wawili tulijua. Nilitoa shoka kwenye sanduku. Mlango ule nilikuwa nimeutengeneza mimi, kwa hiyo nilijua pa kupasua ili nilifikie komeo, na nilipopasua nikaweka mkono ndani kulisukuma. Lilikuwa limekaza kama limeota pale. Ilibidi nilikate.

Nitakuambia kidogo tu. Alikuwa ameuvuta mkeka wake mpaka mlangoni. Mtungi wa maji ulikuwa mtupu, kikombe cha bati kimelala pembeni. Viganja vyake vilikuwa na vibanzi vya mninga. Alikuwa amelipiga lile komeo kwa mikono, kwa kuwa nyundo ilikuwa ndani ya sanduku langu, na mtu mwenye homa ana nguvu kiasi gani? Hicho ndicho kitu ambacho Mama Kaspari alikisikia kikigonga.

Hospitali ilikuwa karibu kiasi cha kumbeba mtu kwa kitanda cha kamba. Watu wawili wangeweza.

Tulikuwa tumehifadhi mbao nzuri za kutengeneza vitanda viwili, kwa sababu Lameki alisema watu wenye chumba chao hawalali chini milele. Zile mbao nilizitumia kumtengenezea jeneza. Nilizikata peke yangu, sikutaka msaada, na kila nilipopiga randa niliacha nafasi. Tulimzika kwenye mvua. Katekista wa pale alimwombea ingawa Lameki hakuwa wa dhehebu lake, na wazee wachache wa Kibaoni walikuja na majembe yao. Wanyasa wenzetu wa kambini waliimba wimbo wa kwetu. Palikuwa na maji ndani ya kaburi. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza.

Jioni ile nilikaa kwenye baraza nikimsubiri Mama Kaspari anikaripie. Nilitaka anikaripie. Alikuja akakaa, akanyoosha mguu wake mbovu. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Mlidhani nawachungulia," alisema. "Mimi nichungulie nini kwa vijana wawili wenye mikeka miwili? Nilikuwa nahesabu watu wangu. Nilitaka kila asubuhi nijue ninao wangapi. Mlinikataza, nikawatii, kwa sababu mlikuwa watu wazima na mlisema kwa adabu. Nilikosea kuwatii. Na ninyi mlikosea kunikataza. Sasa tutaishi na makosa hayo, mimi na langu, wewe na lako, na usije ukajaribu kunibebea langu."

Aliinuka akaenda kulala. Alfajiri nilisubiri fimbo yake. Haikugonga mlango wowote.

Mvua zilipopungua Kaspari alirudi kuchukua chakula, akasikia habari, akanikuta nimekaa nje ya chumba kile siingii. Hakuniuliza kitu. Alisema shambani wanahitaji mikono, mpunga unaiva na ndege ni wengi. Nikaenda naye ng'ambo ya mto. Sikuwahi kulala kwenye dungu kabla ya hapo. Walinipa la pembeni, mwisho wa mashamba, juu ya nguzo, nyasi juu na maji chini.

Alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti. Ilitoka mbali, upande wa mtoni, mzee mmoja anaita, "Mmeamka?" Dungu la karibu naye likaitikia, "Tumeamka." Kisha hilo lililoitikia likaliita la pili yake, na hilo likaitikia, likaliita linalofuata. Sauti ikaja hivyo kwenye ukungu, dungu kwa dungu, wanaume, wanawake, mpaka kwa Kaspari. Ndivyo wafanyavyo wakati wote wa mashamba, maana usiku wa huko una nyoka, una maji yanayopanda, una nguruwe na viboko, una homa. Dungu lisiloitikia, watu wanaacha kila kitu wanakwenda.

Kaspari akageukia upande wangu. "Mmeamka?"

Nilikuwa macho, nimekaa, nimefumbua mdomo, na sauti haikutoka. Nilielewa wakati ule ule kile mama yake alichokuwa akifanya kwenye milango yetu na fimbo yake. Alikuwa ameileta desturi ya shambani mjini, akatupa sisi wageni bila hata kutueleza, kwa kuwa kwake ilikuwa kitu cha kawaida kama kuchota maji. Kaspari aliita tena. Kisha nikasikia maji yanapigwa, anakuja mbio, na nyuma yake wengine wawili wanakuja, na mmoja ana mkuki. Waliponiona nalia hawakunicheka. Kaspari alisema tu, "Kesho itika," wakarudi kwenye kazi zao.

Kiangazi nilikwenda nyumbani Nyasa. Habari ilikuwa imetangulia, tuliituma na mwenzetu aliyekuwa anarudi, lakini kuna habari ambayo lazima mtu aipeleke na uso wake. Mama yake Lameki alinipokea, akanipa maji, akaketi mbele yangu. Nilimweleza homa ilivyomkuta, hata komeo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Hapakuwa na mtu wa kumwita?"

Nilimwambia alikuwepo. Sikuweza kuendelea, na yeye hakunilazimisha. Nilimwachia shati la mwanawe na randa yake. Hakuwahi kunilaani, hilo najua, lakini pia hakuniambia nenda salama. Nilipogeuka njiani alikuwa ameshaingia ndani.

Nilirudi Ifakara. Watu wa kwetu walishangaa kwa nini. Nilirudi kwenye chumba kile kile, nikaweka mlango mpya wenye komeo dogo la chuma ambalo mtoto analifungua kwa kidole. Nilimwomba Mama Kaspari aanze tena kugonga. Alikataa. Alisema mkono wake umeshushwa mara moja na hauinuki tena. Nilimsihi, sikufua dafu.

Basi nikaanza mimi kumbishia yeye. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini nilikwenda mlangoni kwake, nikagonga, nikauliza, "Umeamka, mama?" Mwanzoni alikaa kimya kwa makusudi kunikomoa, nami nikasimama hapo mpaka nikachelewa kazini. Mwishowe akaitika kwa hasira. Baadaye akaitika bila hasira. Nilipomuoa bibi yako, mtoto wa dada yake Kaspari, Mama Kaspari aliitika kwa utani, akiniuliza kama nimekuja kuhesabu na wakwe.

Miaka ikapita. Asubuhi moja niligonga hakuitika. Niligonga mara ya pili tu, nikaingia. Alikuwa ameanguka kando ya kitanda, mdomo umepinda upande, lakini pumzi ilikuwepo na macho yalinitambua. Tulimbeba mimi na Kaspari hadi hospitali. Hakupona, alikuwa mzee. Lakini alikufa ameshikwa mkono huku na mkono kule, na watu wake wote wakiwa chumbani wanaomba. Kabla ya hapo alinitazama mimi muda mrefu. Sijui alitaka kusema nini, na sitajifanya kujua.

Hayo ndiyo yaliyonifanya ninyamaze ulipoleta picha yako. Sasa nasaha, nawe uzisikie kama mtu mzima, siyo kama unavyonisikiliza nikikukataza soda.

Chumba chako kifurahie. Sikukatazi kufunga mlango. Mimi mwenyewe niliufunga kwa furaha na bado najua utamu wake. Lakini siku utakayofika, kabla hujapanga sufuria, tafuta mtu mmoja katika nyumba hiyo. Awe bibi wa chumba cha chini, awe mlinzi wa getini, awe mgeni kama wewe anayetafuta kazi. Mwamkie kwa lugha yoyote uliyo nayo. Patana naye kwamba asubuhi atasikia sauti yako na wewe utasikia yake, na kwamba siku isiposikika atakuja. Ukimwona anashangaa, mwache ashangae. Ukimwona anakusumbua, vumilia usumbufu huo, maana ni mtu anayekuhesabu kuwa wake. Usiwahi, mwanangu, kumwambia mtu kwa adabu nzuri kwamba mlango wako hautaki hodi. Yupo atakayekutii. Na ukiumwa ukiwa safarini au kazini, ukaambiwa rudi ukalale, usirudi kimya. Pitia kwa mtu, sema, nimerudi, naumwa, nipo ndani. Na mwenzako akirudishwa, wewe ndiye uhakikishe yupo aliyeambiwa. Mimi nilitoa ufunguo nikadhani nimetoa kila kitu.

Mungu akuvushe salama. Akupe chumba kikavu na kazi isiyokudhalilisha, akupe mlango mwepesi kufunguka na jirani mwenye masikio. Homa ikupite mbali, na ikikupata ikukute miongoni mwa watu. Asikuache kwenye nchi ya watu kama mtu asiye na watu wake, maana unao, na sisi tunakuhesabu kutoka huku.

Asubuhi ya safari yako nitakuja mlangoni kwako kama ninavyokuja kila siku, na fimbo hii hii, ambayo Kaspari alinipa tulipomzika mama yake. Nitagonga. Najua utakuwa na usingizi na utakuwa na haraka. Itika tu, mwanangu, nisikie.